Pikipiki Nayo Ina Mgongo Wake

Ni vyombo vichache vilivyoingia katika maisha ya wananchi wetu kwa kasi kama pikipiki ya abiria. Jina lake la bodaboda lilizaliwa miaka ya 1960 mpakani mwa Uganda na Kenya, pande za Busia na Malaba, ambako vijana walivusha watu na mizigo kwa baiskeli. Hapa Tanzania, kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za mwaka 2010 ziliitambua kazi hiyo kuwa usafirishaji halali wa abiria. Leo mwananchi wa Mtae, wa Bumbuli, wa Mkata au wa Mwera akitaka kumfikisha mgonjwa zahanati, kupeleka tenga la nyanya sokoni au kuwahi basi la alfajiri, mtu wa kwanza kumfikiria ni kijana wa kijiweni.

Juu ya kijana huyo mengi yamesemwa. Ameonywa kuhusu mwendo, ameonywa kuhusu kofia, ameulizwa leseni. Maonyo hayo ni ya haki, na safu hii haina haja ya kuyapunguza. Lakini liko jambo moja ambalo halisemwi katika mikutano yetu ya usalama barabarani, nalo ni namna pikipiki inavyoubeba uzito iliyopakiwa.

Pikipiki nyingi zinazofanya kazi hii zimefungwa pete mbili ndogo za chuma kwenye shokapu za nyuma, moja kila upande. Pete hizo zimekatwa ngazi, aghalabu ngazi tano, na ziliwekwa makusudi ili dereva ailinganishe pikipiki na uzito anaoubeba siku hiyo. Ukipita katika vijiwe vyetu utazikuta nyingi zimeganda kwa tope na kutu, katika ngazi ile ile zilizotoka nayo kiwandani. Dereva ameinunua pikipiki nzima, lakini sehemu hiyo hajawahi kuitumia.

SPRINGI HUBEBA, MAFUTA HUTULIZA

Ili tuelewane, hatuna budi kuanza na asili ya mambo. Mwaka 1678 mtaalamu wa Kiingereza aitwaye Robert Hooke alichapisha kanuni inayoongoza springi zote duniani hadi hivi leo: springi hubonyea kwa kadiri ya uzito inaotwishwa. Itwike kilo 50, itashuka kiasi fulani. Itwike kilo 100, itashuka mara mbili ya kiasi hicho. Haina huruma wala upendeleo, na haijui kama kilichowekwa juu yake ni mama mjamzito au gunia la mkaa.

Springi ikiachwa peke yake ina kasoro moja. Ikibonyea hurudi juu kwa nguvu, kisha hushuka tena, ikapanda tena, kama mpira uliodundwa sakafuni. Kwa sababu hiyo ndani ya shokapu umetiwa mrija wenye mafuta. Pikipiki inapopanda na kushuka, mafuta hayo hulazimishwa kupita katika matundu membamba, na shida hiyo ya kupita ndiyo inayoumeza mdundo na kuugeuza kuwa joto. Hivyo kazi zimegawanywa: springi hubeba, mafuta hutuliza. Mbele nako, ndani ya mirija miwili inayoshuka kutoka kwenye usukani, mna springi na mafuta vilevile. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kuuza pikipiki yenye mirija ya namna hiyo mwaka 1935, na mpaka sasa pikipiki za kazi zinafuata mtindo huo huo.

Watu wengi hudhani kwamba shokapu zipo kwa ajili ya starehe ya mwenye kukaa juu. Starehe ni faida ya pili. Faida ya kwanza ni kulifanya gurudumu lisiache ardhi. Breki haiwezi kusimamisha gurudumu lililo hewani, wala usukani hauwezi kuliongoza. Gurudumu linaloruka-ruka juu ya mawe linaigusa barabara kwa vipande vipande, na dereva wake anaiongoza pikipiki kwa vipande hivyo hivyo.

UZITO WA WATU HAUFANANI

Pikipiki ya kazi yenyewe, ikiwa tupu, huwa na uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Chukua dereva wa kilo 60 akiwa peke yake, kisha mpakize abiria wa kilo 75. Uzito uliopandishwa umetoka kilo 60 ukafika 135, yaani umezidi mara mbili. Zaidi ya hayo, dereva hukaa karibu na katikati ya chombo, na uzito wake hugawanyika mbele na nyuma. Abiria hukaa karibu juu ya gurudumu la nyuma, na sehemu kubwa ya uzito wake huangukia springi mbili za nyuma. Mzigo wa kwenye keria, ambao hukaa nyuma zaidi ya abiria, huangukia huko huko na kuanza kuinyanyua pikipiki upande wa mbele.

Mtengenezaji aliye mbali hawezi kujua kama pikipiki yake itampakia mwalimu mmoja mwembamba au madebe manne ya maji. Ndiyo maana akaziweka zile ngazi na kumwachia mwenye chombo uamuzi.

Hapa pana kosa la fikira ambalo yafaa lisahihishwe. Mafundi wengi husema kwamba kuipandisha pete ni kuifanya springi kuwa ngumu. Springi ni ile ile. Waya wake haukunenepa wala haukubadilika. Pete ikipandishwa, springi hubanwa kidogo kabla ya kuanza kazi, na kwa hiyo pikipiki husimama juu zaidi ikiwa na mzigo wake. Kinachoongezeka ni nafasi ya kushuka kabla ya chuma kugonga chuma. Mwenye kuelewa hili atajua pia kwa nini pete haiwezi kuwa dawa ya kila mzigo, kama tutakavyoona mbele.

KUPIMA KWA FUTI KAMBA

Kipimo chake hakihitaji mashine. Kinahitaji futi kamba, kipande cha chaki na watu watatu wenye dakika kumi.

Kwanza, pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa, mahali tambarare, gurudumu la nyuma likiwa hewani ili springi zinyooke. Pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma kwenda juu wima hadi alama uliyoitia kwa chaki kwenye fremu chini ya kiti. Tuseme umepata sentimita 50.

Pili, ishushe pikipiki kwenye magurudumu yake, dereva apande pamoja na abiria au mzigo wa siku hiyo. Mtu wa pili ashike usukani ili chombo kisimame wima. Kiti kibonyezwe mara mbili tatu, kisha kiachwe kitulie, na mtu wa tatu apime tena pale pale. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kiasi ambacho mzigo umeishusha pikipiki.

Springi za nyuma za pikipiki hizi kwa kawaida huliwezesha gurudumu kwenda juu na chini kwa sentimita 8 hadi 11. Kanuni inayofuatwa na mafundi wa nchi nyingi ni kwamba pikipiki iliyopakiwa na kutulia iwe imetumia robo hadi theluthi ya nafasi hiyo. Kwa nafasi ya sentimita 10, basi, iwe imeshuka kati ya sentimita mbili na nusu na tatu na kidogo. Sehemu hiyo iliyotumika huliwezesha gurudumu kushuka ndani ya shimo bila kuachana na ardhi; iliyobaki huliwezesha kupanda juu ya jiwe bila kugonga mwisho.

Ikiwa kipimo cha pili kimekuwa sentimita 47, mambo ni mazuri. Ikiwa ni 44, pikipiki imekaa chini mno na pete zipandishwe. Ikiwa ni 49, zimepandishwa kupita haja na zishushwe. Pete huzungushwa kwa spana ya ndoano, ambayo aghalabu huuzwa pamoja na pikipiki katika mfuko wa zana, huku gurudumu likiwa hewani. Kwanza usafishe tope na kutia tone la mafuta. Pete za kulia na kushoto lazima ziwe katika ngazi moja, kwani zikitofautiana chuma kinachoshika gurudumu la nyuma husukumwa kwa nguvu zisizo sawa na kupindika.

Ukimaliza, bonyeza mkia wa pikipiki kwa nguvu zako zote na uuachie ghafla. Ukipanda mara moja na kutulia, mafuta ya shokapu yako yanafanya kazi. Ukipanda na kushuka mara mbili tatu, mafuta yamekwisha au yamechoka, na hakuna ngazi ya pete itakayoyarudisha. Unyevu wenye vumbi kwenye fimbo ya shokapu, au kwenye mirija ya mbele, ni dalili ya sili iliyokatika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

ARDHI YA MKOA WETU

Mkoa wetu wa Tanga umejaliwa ardhi ya kila namna, na hapo ndipo elimu hii inapokuwa na thamani kubwa zaidi.

Tuanze milimani. Kutoka Soni kuteremka Mombo ni lami, lakini ni lami yenye mteremko mkali na kona zinazofuatana. Dereva aliyeshusha mboga Mombo kwa pete zilizopandishwa hadi juu, kisha akazisahau, anarudi na pikipiki tupu iliyofungwa kwa ajili ya mzigo usiokuwapo. Gurudumu la nyuma sasa ni jepesi. Litaruka kwenye kila tuta, na breki ikikanyagwa kwa nguvu litajifunga na kuteleza. Madereva huogopa safari ya kwenda na mzigo, wakaidharau ya kurudi mtupu. Mzigo ukishushwa, pete nazo zishushwe. Na mwenye kuteremka na mzigo asiitegemee breki peke yake: breki za ngoma zikipata joto jingi hulegea, kwa hiyo gia ndogo ifanye sehemu ya kazi hiyo.

Njia za udongo zinazopanda vijijini huko Usambara ni jambo jingine. Wakati wa masika udongo mwekundu huwa kama sabuni. Hapo pikipiki iliyokazwa mno humtupa dereva, kwa sababu kila kitikisiko hulifanya tairi liachane na ardhi kwa nukta moja, na nukta hiyo inatosha kuteleza. Anayepita peke yake ashushe pete ngazi moja, aende polepole, na asafishe tope linalojazana kati ya tairi na madigadi. Mwenye abiria azipandishe kwa kadiri ya kipimo tu, bila kuongeza ngazi ya ziada kwa hofu.

Kule Handeni na Kilindi adui ni vumbi na mawimbi ya barabara, yale yanayoifanya njia ionekane kama bati la paa. Mawimbi hayo huchongwa na magurudumu yenyewe yanayopita kwa kasi. Juu yake mafuta ya shokapu hutikiswa mfululizo bila kupumzika. Hupata joto, huwa mepesi, na baada ya kilomita nyingi huacha kutuliza. Dereva huona usukani unacheza na mkia unahama, akadhani ni upepo wa tairi. Dawa yake ni kupunguza mwendo, na katika safari ndefu kusimama kidogo ili vyuma vipoe.

Pwani, pande za Pangani, tatizo ni mchanga. Gurudumu la mbele likiwa jepesi kwa sababu nyuma imelemewa, huelea juu ya mchanga na kukataa kuongozwa. Hapo pete za nyuma zikipandishwa kulingana na mzigo, uzito hurudi mbele kidogo na usukani hupata kauli. Wengine hupunguza upepo wa tairi ili likanyage kwa upana, na kwa hatua chache za mchanga jambo hilo husaidia. Lakini upepo urudishwe kabla ya kuingia njia ngumu, la sivyo tyubu itahama na kung'oa mdomo wake.

TAIRI, CHENI NA TAA

Shokapu haifanyi kazi peke yake. Uzito ukiongezeka, mambo matatu huongozana nao.

La kwanza ni upepo wa tairi la nyuma. Pikipiki nyingi za aina hii hutaka paundi 28 hivi dereva akiwa peke yake, na paundi 32 au zaidi kidogo akiwa na abiria. Kijitabu cha pikipiki ndicho hakimu, na kipimo cha upepo kiaminiwe kuliko kidole gumba.

La pili ni cheni. Pikipiki ikikaa chini kwa mzigo, gurudumu la nyuma husogea mbali kidogo na injini na cheni hukaza. Cheni iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu, bila kuachiwa ule ulegevu wa sentimita mbili hadi tatu, itajinyonga ikipakiwa; italiwa haraka, na inaweza kukatika mlimani.

La tatu ni taa. Mkia ukishuka, taa ya mbele hutazama mbinguni. Usiku dereva haoni shimo lililo mbele yake, na yule anayekuja upande wa pili hupofuka.

PETE HAIONGEZI KILO

Sasa tuseme lililo gumu. Yapo matumizi mabaya ya elimu hii, na mtu anaweza kuisoma makala haya akasema: nimepata njia ya kupakia zaidi. Sivyo hata kidogo.

Uzito ambao pikipiki hizi zimeruhusiwa kuubeba, pamoja na dereva mwenyewe, hukaribia kilo 150. Idadi kamili imeandikwa katika kijitabu chake. Dereva wa kilo 60 na gunia la kilo 100 wamekwisha kuuvuka mpaka huo. Gunia likiwa la lumbesa, lile lililovishwa kilemba ambalo limekwisha kupigwa marufuku mara nyingi, mpaka umeachwa mbali. Na mshikaki, watu watatu au wanne juu ya kiti kimoja, unavunja sheria ya barabara na kanuni ya Hooke kwa wakati mmoja. Pete haiongezi unene wa ekseli, haiongezi spoki za gurudumu, wala haiongezi upana wa breki.

Katika baadhi ya gereji tumeona ufundi wa kutisha: springi ya pili kuchomekwa juu ya ile ya kiwandani, vipande vya mpira kupigiliwa kati ya mizunguko ya springi, au chuma kuchomelewa ili mkia usishuke kabisa. Pikipiki ya namna hiyo inaonekana imesimama wima na mwenyewe anajisifu. Lakini mshindo ambao springi ilipaswa kuumeza sasa unapita moja kwa moja kwenye fremu, kwenye rimu na kwenye uti wa mgongo wa abiria. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Hawakusema mfunge Mnyamwezi mbao mgongoni ili asiiname.

Ikiwa pete zipo ngazi ya mwisho na kipimo cha futi kamba bado kinaonyesha pikipiki imezama, jibu ni moja kati ya mawili: ama mzigo upunguzwe, ama springi zimechoka na zibadilishwe jozi kwa jozi.

WAJIBU NI WA NANI?

Ni rahisi kumtupia lawama dereva. Lakini vijana wengi wanaendesha pikipiki za watu. Kila jioni lazima walete hesabu kwa mwenye chombo, na walio kwenye mkataba wanahesabu siku hadi pikipiki iwe yao. Kijana wa namna hiyo akisimama dakika kumi kupima na kuzungusha pete, anaona abiria wawili wamempita. Shokapu ikivuja, tajiri humwambia aitengeneze kwa fedha yake, naye huendelea hivyo hivyo mpaka siku ya ajali. Mwenye pikipiki anayetaka hesabu yake kila siku hana budi kukubali kwamba sili ya shokapu ni sehemu ya hesabu hiyo. Gharama ya jozi ya sili ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya mguu uliovunjika, na mguu hauuzwi dukani.

Wauzaji nao wana deni. Pikipiki inayouzwa kwa Mtanzania ifuatane na maelezo ya Kiswahili, na siku ya kukabidhiwa mnunuzi aonyeshwe pete ilipo na spana yake. Vyuo vya VETA na walimu wa udereva wanaweza kulitia somo hili katika mafunzo yao bila gharama kubwa, kwa kuwa vifaa vyake ni futi kamba na chaki. Na vyama vya waendesha bodaboda vinaweza kununua spana mbili na kipimo kimoja cha upepo kwa kila kijiwe, vikawa mali ya wote, kama kisima.

Wafanyabiashara wanaoyasubiri mazao barabarani wakumbuke kwamba mkulima wa mlimani hajazi lumbesa kwa mapenzi yake. Gunia likipimwa kwa haki, pikipiki nayo itapumua.

Abiria pia asijitoe. Kabla ya kupanda anaweza kuutazama mkia wa pikipiki. Ukiwa umelala karibu na tairi kabla yeye hajakaa, au shokapu ikiwa imelowa mafuta na vumbi, ana haki ya kuchagua nyingine. Hatamwudhi kijana kwa kumwuliza kwa upole, "Mwanangu, hii umeipima?" Vijana wetu ni wepesi wa kujifunza, wengi wao wamejifunza injini nzima kwa macho tu, wakiwa wamechuchumaa kando ya fundi. Hawatashindwa na pete yenye ngazi tano.

Masika ya kila mwaka huzikuta barabara zetu za vijijini zikiwa na mashimo mapya, na si yote yatakayozibwa kwa wakati. Kuisubiri barabara njema ni haki yetu, na kuidai ni wajibu wetu. Lakini kesho asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, spana ya ndoano imo katika mfuko wa zana chini ya kiti. Itolewe, ifutwe kutu, ifanye kazi iliyonunuliwa kuifanya.